Mguu Usiosikia

Sista Bindu ananishika kisigino
kama mtu anayepima tikiti.
Ana kijiuzi cha nailoni, kigumu, sharubu ya paka.
"Fumba macho, mama. Nikikugusa, sema naam."
Nafumba.
Kiyoyozi kinanguruma. Nje, Ibra inaungua, saa tano ya asubuhi,
nami nangoja kuitwa na mguu wangu mwenyewe.

Kimya.

Nasema naam, kwa adabu tu.
Anacheka: "Bado sijagusa."

Namwambia, mguu hausikii.
Namwambia kwa Kiarabu changu cha ukubwani,
neno kwa neno, kama nilivyolelewa kusema.
Anatazama sikio langu, anatazama mguu,
anaandika kitu.

Nitamweleza vipi?
Kwetu kusikia ni kazi ya mwili mzima.
Mtu husikia adhana, husikia njaa,
husikia harufu ya maziwa yanayoungulia,
husikia baridi, husikia haya.
Na mtoto mkaidi tulimwita hasikii,
akachapwa, akasikia.

Mguu huu ulikuwa msikivu.
Ulikanyaga matope ya Wete gizani
ukajua: hili kombe, hii mizizi ya mkoko,
hapa rudi nyuma.
Mama aliuosha kwa mchanga, ukacheka wenyewe.

Ulianza na sisimizi.
Ramadhani ya mwaka juzi, baada ya daku,
wakanipanda vidoleni, safu kwa safu.
Nikawasha taa, nikakung'uta shuka.
Zahran akauliza, unatafuta nini?
Sisimizi.
Hakuna sisimizi, Raiya.
Walikuwepo. Walikuwa ndani.
Wakafuata wenye moto, wakafuata wenye sindano,
shuka tu ikinigusa naona imeshonwa kwa miiba.
Kisha usiku mmoja wakahama wote,
hawakuaga.
Nikadhani nimepona. Nikapika halwa, nikagawa kwa jirani.
Halwa! Na sukari yangu ile.

Ijumaa moja nilitoka uani kuanua kanzu,
pekupeku, saa saba mchana,
hatua ishirini za vigae kwenda, ishirini kurudi.
Kanzu kumi na moja. Nilizikunja pale pale, moja moja,
nikizinyoosha kola, sina haraka.
Ni Muhannad, mjukuu, miaka sita,
aliyesema: Bibi, unachora chini.
Nikageuka.
Nyayo zimenifuata mpaka mlangoni,
zina unyevu,
kila moja imebaki na ngozi yangu kidogo.

Nililia, ndiyo.
Lakini uchungu niliutafuta kwanza, kama mtu anayepapasa funguo,
mfukoni, kifuani, chini ya mto,
sikuupata.

"Viatu hata ndani ya nyumba," anasema Sista Bindu.
"Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.
Na kioo, mama, kila usiku."

Kioo sikukitaka. Nina Zahran.
Miaka ishirini na sita kwenye visima vya mafuta, huko Fahud,
mashine zimemwachia mluzi sikioni, hauzimi,
hata msikitini, hata usingizini.
Yeye husikia kisichokuwepo,
mimi sisikii kilichopo,
tukikaa sebuleni televisheni haijui imtii nani.

Baada ya isha huvaa miwani,
huupakata mguu wangu, huumulika kwa tochi ya simu
kidole baada ya kidole,
akinung'unika kama fundi saa.
Jana akasimama.
"Kuna mwiba."
Wapi?
"Hapa."
Hapa wapi?
"HAPA," kwa sauti, kana kwamba kiziwi ni mimi.
Labda ni mimi.

Akanishika mkono,
akakipeleka kidole changu cha shahada
taratibu, chini ya unyayo, penye ngozi ngumu,
mpaka kwenye ncha.

Kikasikia.